Je, akili hupungua kadiri umri unavyosonga?

“Daktari, bibi amezeeka tu, ndiyo maana anachanganyikiwa.” Kauli hii nimeizoea kutoka kwa familia nyingi hapa Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero. Mpendwa msomaji, kabla hujaisema kuhusu mzee wako, fahamu mambo machache.

Akili si kitu kimoja. Kuna wepesi wa kufikiri, kama kupiga hesabu ya chenji haraka au kushika namba ya simu uliyotajiwa mara moja. Wepesi huu huanza kushuka polepole tangu ujanani. Kuna pia maarifa, yaani msamiati, uzoefu na busara ya kupima mambo. Haya huendelea kukua au kubaki imara hadi miaka ya 60. Utafiti ulioanza mwaka 1956 huko Seattle, Marekani, ukafuatilia watu kwa miongo kadhaa, ulionyesha tofauti hiyo.

Ndiyo maana mjukuu humshinda babu kutuma pesa kwa simu, lakini babu ndiye anayejua maji ya mto yakipanda yataishia jaruba lipi. Mzee kusahau alipoweka miwani, kisha akakumbuka baadaye, si ugonjwa. Kupotea njia ya nyumbani kwake aliyoizoea, kurudia swali lile lile kila baada ya dakika chache, au kushindwa kupika chakula alichopika miaka yote, hizo ni dalili za kuchunguzwa.

Ugonjwa wa usahaulifu, unaoitwa dimenshia, si sehemu ya kila uzee. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Takriban 6 katika kila 100 ndio waliokuwa nao. Walio wengi hawakuwa nao.

Usisubiri kesho

Mzee aliyekuwa mzima juzi, leo hatambui watoto wake, anaweweseka au analala kutwa nzima, huyo ni mgonjwa wa dharura. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka, kukaukiwa maji au kiharusi. Kumbuka kuwa mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila mwili kuwa wa moto. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashambani, mbali na zahanati. Kama mzee yuko nanyi huko, au amebaki nyumbani na wajukuu, pangeni mapema nani atamwangalia kila siku na usafiri upi utamfikisha hospitali.

Kama hali imekuja taratibu, mlete pia. Sonona, matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka na baadhi ya dawa huweza kufanana na dimenshia, na mengi kati ya hayo hutibika. Njoo na dawa zote anazotumia, zikiwemo za dukani na za asili.

Anza sasa

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa kimataifa lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Pima presha na sukari ukiwa na miaka 40, usingoje 70. Ukiandikiwa dawa ya presha, usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Acha sigara, punguza pombe, tembea. Mzee asiyesikia au asiyeona vizuri atibiwe, na asiachwe mpweke.

Mzazi, elimu ya utotoni nayo huujengea ubongo akiba ya uzeeni. Mtoto anayebaki shuleni wakati wengine wanatumwa kuwinga ndege shambani anaandaliwa hata kwa miaka yake ya 70.

Mwisho, mzee anayeongea peke yake usiku si mchawi. Ni mgonjwa. Mahali pake ni hospitali.