Chuma, Pua na Kutu: Maneno ya Fundi Anayeotesha Kutu kwa Makusudi

Neno kutu katika lugha yetu limezoea kuandamana na vitenzi vya uharibifu. Chuma huliwa na kutu, huingiwa na kutu, hushikwa na kutu. Hata akili isiyotumika husemwa kuwa imeingia kutu. Kwa hiyo fundi anayeombwa na mteja wake akitie kutu chuma kipya, tena kutu ya kupendeza, hujikuta hana neno la kuitajia kazi yake isipokuwa maneno ya hasara. Walakini kazi yenyewe ipo, na watu wanaitaka: vibao vya majina ya nyumba, mageti, vyungu vya maua na viunzi vya taa vyenye rangi ya udongo mwekundu, ambayo haikutoka katika kopo la rangi bali imetoka katika chuma chenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika nyumbani, na kuyachunguza maneno yake machache ambayo, yasipotumiwa kwa uangalifu, huweza kumtia mtu hasara au hata kumjeruhi.

Nasema kumjeruhi kwa sababu nimeyaona. Fundi mmoja wa kuchomea vyuma mjini Tabora aliniomba nimwandikie kwa Kiswahili maelekezo ya kazi hii, naye alikuwa ameahidi kutengeneza kibao cha nyumba ya wageni. Niliandika ukurasa mmoja, nikaona nimeandika vizuri. Katika ukurasa huo palikuwa na makosa mawili ya istilahi, yote yangu. La kwanza, niliandika atafute bamba la “chuma cha pua”. La pili, niliandika alisafishe kwa “tindikali dhaifu”. Dukani aliposema chuma cha pua alipewa bamba linalong’aa, la aina isiyoshika kutu, kwa bei iliyo mara kadhaa ya ile aliyoitazamia. Na kwa tindikali alichukua ile aliyoifahamu, yaani maji ya betri ya gari, akayaongeza maji ili yawe “dhaifu”. Bamba halikubadilika hata kidogo. Mkono wake wa kushoto ulibabuka.

Tuanze na pua. Katika kamusi za zamani pua, mbali na kiungo cha uso, ni chuma kilichoimarishwa, na kukitia chuma pua ni kukifanya kiwe kigumu cha kushika makali. Feleji nayo ni pua ya daraja la juu. Upanga wa feleji ulikuwa upanga wa kujivunia. Kwa maana hiyo karibu kila chuma anachokishika fundi wa leo, nondo, bomba la mraba, bamba jeusi, ni pua, kwa kuwa ni chuma chenye kaboni kidogo. Lakini sokoni maana imehama. Wauza vyombo wameyatwaa maneno “chuma cha pua” kwa ajili ya masufuria na vijiko visivyoshika kutu, na wateja wamewafuata. Kwa maoni yangu haifai kushindana na soko, wala haifai kunyamaza. Ile aina ing’aayo ina kromi isiyopungua takriban sehemu 10 katika 100, nayo kromi hufanya utando mwembamba usioonekana unaouzuia uso usishambuliwe. Basi na iitwe kwa tabia yake, chuma kisichoshika kutu. Pua ibaki na maana yake ya asili vitabuni. Na mwandishi wa maelekezo ya kazi aseme “bamba jeusi la chuma”, maana hivyo ndivyo atakavyoeleweka dukani.

Si ajabu kwamba maneno ya chuma yanatutatiza katika nchi hii ya magharibi, kwa kuwa hapa chuma kilikuwa na historia ndefu kabla ya duka lolote. Uchunguzi uliofanywa Buhaya na kutangazwa mwaka 1978 ulionyesha kuwa wafua chuma wa huko walikuwa wakipata chuma chenye kaboni, yaani pua, yapata miaka 2,000 iliyopita. Wafipa walijenga tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu. Na katika karne ya 19 majembe yaliyofuliwa kusini ya Ziwa Viktoria yalifika hadi Unyanyembe, yakawa ni bidhaa, na mahari, na namna ya fedha. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo kuja Tabora, na kutoka hapo kwenda Ujiji, iliyakuta majembe hayo njiani. Burton na Speke walipoingia Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, waliingia katika mji ambao chuma chake hakikungoja kuletwa na wageni. Wahunzi hao walikuwa na maneno yao katika Kisumbwa, Kinyamwezi, Kifipa na Kihaya. Kiswahili kilichukua machache mno, nasi tunaendelea kulipa.

Sasa tindikali. Kwa mwanafunzi wa kemia neno hili, sawasawa na asidi, ni jina la jamii nzima, na siki ya jikoni imo katika jamii hiyo kama ilivyo maji ya ndimu. Kwa fundi wa gereji tindikali ni kitu kimoja tu, ni ile inayochoma. Hakuna aliyekosea kati ya hao wawili. Aliyekosea ni mwandishi anayetumia jina la jamii mahali panapohitaji jina la mwanajamii. Kanuni ninayoipendekeza ni nyepesi: katika maelekezo ya kazi za mikono, kitu kitajwe kwa jina la chupa kinachouzwa ndani yake. Andika siki. Usiandike tindikali, wala asidi, wala usiongeze neno dhaifu. Udhaifu wa tindikali katika kemia si sawa na kuongezwa maji, na fundi hana wajibu wa kulijua hilo.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Bamba jeusi hutoka kiwandani likiwa na mafuta, na chini ya mafuta lina gamba la rangi ya samawati iliyoiva, lililotokana na moto wa kiwandani. Kutu haitashika sawasawa juu ya vitu hivyo. Osha kwa sabuni na maji ya moto, kisha sugua kwa msasa au brashi ya waya hadi uso uwe mweupe wa kijivu. Tangu hapo usiliguse kwa vidole vitupu, maana jasho na mafuta ya mkono huacha alama zitakazoonekana mwishoni. Lipeleke nje, mahali penye hewa. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Nyunyizia siki tupu, uache ikauke juani. Siki huukwaruza uso kwa udogo usioonekana, nao uso hufunguka.

Baada ya hapo changanya nusu lita ya haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, ile inayouzwa katika maduka ya dawa kwa kusafishia vidonda, na vijiko 4 vya mezani vya siki na nusu kijiko cha chumvi. Chumvi ya Uvinza yafaa kabisa, nami napenda kuitumia kwa kuwa nayo ilisafiri katika njia hiyohiyo ya misafara. Nyunyizia. Povu litapanda, na katika muda wa dakika chache rangi ya chungwa itatokea mbele ya macho yako. Acha ikauke, nyunyizia tena. Mara 4 hadi 6 hutosha kwa watu wengi, na rangi huzidi kuiva kila inapokauka. Mchanganyiko huu hutengenezwa wa kutosha siku hiyo tu. Ukifungwa katika chupa hutoa hewa inayoweza kuipasua, na harufu yake huwasha macho na koo. Kamwe usiuchanganye na dawa ya kung’arishia nguo ambayo wengi huiita jiki, kwani hewa yake ni ya sumu.

Yanayotendeka hapo yanatupatia, nadhani, kitenzi tunachokitafuta. Kutu haiji kutoka nje kama rangi. Ni chuma chenyewe kinachoungana na oksijeni penye maji; peroksidi huleta oksijeni kwa wingi, siki huufungua uso, na chumvi huyafanya maji yaupitishe umeme mdogo unaoiharakisha kazi. Kwa hiyo “kupaka kutu” si sahihi, wala “kuvisha kutu”, ingawa tumezoea kuvisha dhahabu. Wako wanaopenda kuunda kitenzi kutokana na jina, nao watatuletea “kukutisha”. Neno hilo litagongana na kukuta na kukutana, na hakuna atakayelielewa bila kufafanuliwa. Lakini Kiswahili tayari husema kutu imeota, kama nyasi au ndevu. Basi tuseme kuotesha kutu. Kitenzi hiki kinasema ukweli wa jambo: kitu kinatoka ndani, kinataka maji, kinangojewa.

Nacho kitu kinachoota hakina budi kuzuiwa kisipite kiasi. Hapa ndipo mafundi wengi hukatiza kazi mapema. Kutu ya chuma cha kawaida haikilindi chuma kilichomo ndani. Huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hupasuka, hubanduka, na maji hupita tena. Iko aina ya pekee, yenye shaba, kromi na nikeli kidogo, ambayo kutu yake hushikamana ikawa ngao. Kampuni ya Marekani iliitoa sokoni mwaka 1933, na leo hujengewa madaraja. Bamba la dukani Tabora si la aina hiyo. Kwa hiyo likishapata rangi unayoitaka, lisuuze kwa maji mengi mara kadhaa, kwa kuwa chumvi iliyobaki itaendelea kufanya kazi gizani. Likauke kabisa juani, na likiwa bado na moto wa jua lisugue kwa nta ya nyuki. Mkoa huu ni wa asali, na nta haikosekani. Rudia nta kila mwaka, kabla ya mvua za Novemba. Hatua hii ya mwisho naiita kutuliza kutu, na pambo lililokamilika lina kutu iliyotulia; fundi akitumia maneno hayo, mteja atatambua kuwa yako mambo mawili na kwamba amelipia yote mawili.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Kati ya Mei na Oktoba hewa ya Tabora ni kavu kiasi kwamba bamba lililooteshwa kutu hukaa kimya lenyewe, na fundi huweza kudhani kuwa nta haina kazi. Akilituma Bagamoyo, kwenye upepo wa bahari, atajua. Huko chumvi huja bila kuitwa. Kwa upande mwingine wa njia, Kigoma, uko mfano ulio kinyume, nao ni maarufu. Meli ya Kijerumani iliyotengenezwa Papenburg mwaka 1913 ililetwa vipande vipande kwa reli iliyopita Tabora, ikaundwa tena Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakaikuta mitambo inafaa, na mwaka 1927 ikaanza tena kusafiri katika Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Grisi ile ilifanya kwa mitambo kazi ambayo nta yetu huifanya kwa kibao.

Vyombo vya chakula, ngazi, na chochote kinachobeba uzito wa mtu visioteshwe kutu. Mabati ya paa nayo hayatakubali, maana yamefunikwa kwa zinki.

Limebaki neno moja ambalo sijaliridhia: jina la lile gamba la samawati la kiwandani. Gamba peke yake huchanganywa na gamba la kutu inayobanduka, na wahunzi walikuwa na mavi ya chuma kwa kitu kingine kabisa, yaani takataka za tanuri. Msomaji mwenye neno la Kisumbwa au Kinyamwezi kwa lile linaloruka chuma chekundu kinapogongwa fuaweni, na atuletee.