Je, Wajua? Gari Huteremka Mlima Bila Kunywa Petroli

Mji wa Same umelala chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, na juu yake milima ya Upare yapanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,462; kwa hiyo dereva wa huko, apende asipende, maisha yake ni kupanda na kuteremka, na jinsi afanyavyo mawili hayo ndiyo iamuayo kadiri ya fedha atakazoziacha kituo cha mafuta.

Gari la kilo 1,500 likitoka Same kupitia Mwembe kwenda Mbaga, mwinuko wa mita 500 hivi, lahitaji megajuli 7 na zaidi kwa kuubeba uzito wake tu. Lita moja ya petroli ina megajuli 33 hivi, lakini injini hugeuza theluthi yake, au pungufu ya hapo, kuwa mwendo, na baki yote hupotea kuwa joto katika rejeta na ekzosi. Basi mlima huo hudai kwa uchache theluthi mbili za lita, zaidi ya mafuta ambayo gari lingetumia katika njia ya tambarare.

Deni hilo halina msamaha. Lakini wakati wa kurudi, madereva wengi hutia frii wakidhani kwamba wanaokoa mafuta, na dhana hiyo ina asili yake katika zama za kabureta, ambayo haikujua kuifunga petroli. Magari ya sasa yana tabia nyingine: gari likiwa ndani ya gia na mguu umeondoka kwenye pedali ya mafuta, kompyuta yake hutambua kwamba magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, ikazifunga nozeli, na petroli isipite hata tone, mpaka mizunguko ya injini ishuke karibu na ile ya gari lililosimama. Ukitia frii, magurudumu huachana na injini, nayo, ili isizimike, hulazimika kunywa, kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa saa.

Katika mteremko mkali, basi, gia hulinda mfuko na roho pamoja. Lori lishukalo na magunia ya tangawizi kutoka Mamba Miamba, likitegemea breki peke yake, huzipasha moto hadi zikalegea. Ndiyo maana kanuni ya wazee wa usukani, kwamba mlima uteremkwe kwa gia ile ile iliyoupanda, yafaa hadi leo, na mwenye gia za kujibadilisha ashuke kwa 2 au L.

Katika barabara kuu nako, baina ya Hedaru na Makanya, hasimu ni upepo: mwendo ukipanda kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, ukinzani wa hewa huzidi kwa zaidi ya nusu, na mizigo ya kwenye karia huuongeza tena. Dereva hodari hutazama mbali, na akikiona kibao cha 50 huondoa mguu mapema, gari likapungua lenyewe ndani ya gia. Maana kila breki isiyo ya lazima hugeuza kuwa joto mafuta ambayo yamekwisha kulipiwa.