Jirani akianza kujenga: namna ya kupinga bila kuvunja amani

Familia zilizohamia Kolwezi na vijiji vya upande wa Nzilo huuliza mara nyingi: jirani yangu ameanza kuchimba msingi karibu sana na nyumba yangu, je, mimi niliyekuja juzi nina haki ya kumpinga? Jibu fupi ni ndiyo. Lakini haki hiyo ina njia yake, na mtu akiikosa njia, jambo la matofali linaweza kugeuka kuwa jambo la kabila.

Tunasema hivyo kwa sababu ya historia ya hapa. Miaka ya 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengine walingoja treni kwa miezi, na nyuma yao nyumba zao zilichukuliwa au kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 2014, katika kartie ya Kasulo, ilijulikana kwamba kuna kobalti chini ya nyumba, na watu wakaanza kuchimba ndani ya viwanja vyao, hata sebuleni. Shimo la mmoja liliharibu ukuta wa mwingine. Mwaka 2017 familia za sehemu moja ya Kasulo zilihamishwa na eneo likazungushiwa ukuta kwa ajili ya kampuni. Kwa hiyo anayeona jirani akipima udongo ana sababu ya kuogopa, na jirani mwenyewe pia anaogopa kufukuzwa.

Sheria inasema nini?

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu, yaani sertifika ya uandikisho inayotolewa na konservateri wa ofisi ya ardhi. Karatasi ya shefu wa kartie, fishi ya kiwanja na barua ya mauzo iliyosainiwa na mashahidi zinasaidia kueleza umefikaje hapo, nanyi mzitunze vizuri, lakini si sertifika. Ni lazima pia kujua kwamba sertifika ikiisha kupita miaka miwili ni vigumu sana kuipinga. Mtu aliyekimbia na kusikia kwamba mwingine ameandikisha kiwanja chake asingoje hata mwezi.

Ruhusa ya kujenga ni kitu kingine kabisa. Tangu dekreti ya tarehe 20 Juni 1957 juu ya mipango ya miji, na tena kwa agizo la waziri la mwaka 2013, anayetaka kujenga mjini anapaswa kupata ruhusa kwanza kutoka ofisi ya Urbanisme. Wengi wanachanganya mambo haya mawili. Mwenye sertifika bado anahitaji ruhusa, na mwenye ruhusa hawezi kuitumia kuingia katika udongo wa jirani, hata hatua moja.

Katika nchi nyingine, kama Uingereza, ofisi ya mji huwatangazia majirani ombi la ujenzi na kuwapa siku 21 za kusema neno. Kwetu usisubiri barua ya namna hiyo. Ukiona mawe yanashushwa, anza siku hiyo. Msingi unaweza kusogezwa kwa mazungumzo. Nyumba yenye mabati haisogezwi.

Pingamizi lenye uzito

Si kila malalamiko yanasikilizwa. Kusema kwamba jirani ni mgeni, au ana pesa nyingi kuliko sisi, au nyumba yake inazuia kuona ziwa, hakutakusaidia. Yenye uzito ni haya: mpaka umevukwa, njia ya watu wote imefungwa, choo kinachimbwa karibu na kisima, ukuta au shimo linatishia kuangusha nyumba yako, maji ya mvua yanageuzwa kuelekea kwako. Juu ya maji, wengi hukosea. Maji yanayoshuka yenyewe kwa mteremko, aliye chini anapaswa kuyapokea. Lakini aliye juu hana ruhusa kuyakusanya kwa mfereji au bomba na kuyamwaga mlangoni pa mwenzake.

Upande wa Nzilo kuna jambo la pekee. Tangu bwawa la umeme lilipomalizika mwaka 1952, ziwa limekuwa sehemu ya maisha ya watu, na wengi wanataka kujenga karibu na maji. Sheria ya 1973 inasema kitanda cha ziwa na cha mto ni mali ya umma. Hakuna shefu anayeweza kukiuza. Anayejenga humo anaweza kupingwa na yeyote, si jirani peke yake.

Hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa mjane anayeona jirani akiinua ukuta juu ya mfereji wa maji ya mvua. Kwanza aende kumwona, akiwa na mtu mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili, asubuhi, si jioni baada ya pombe. Aulize, asishtaki: “Baba, maji yatapita wapi?” Mara nyingi mambo huishia hapo.

Ikishindikana, aende kwa shefu wa kartie au shefu wa kijiji, naye aandike ripoti ya mazungumzo. Kama shida ni mpaka, aombe wapimaji wa kadastri waje kutafuta alama za pembe za kiwanja, jirani akiwepo. Kipimo kilichofanywa bila jirani hakitamaliza ugomvi. Kama shida ni ujenzi wenyewe, aandikie ofisi ya Urbanisme, akiuliza kama ruhusa ilitolewa. Malipo yoyote yawe na risiti. Mahakama ni ya mwisho: Tribunal de Paix kwa viwanja vinavyofuata desturi, Tribunal de Grande Instance kwa vyenye sertifika. Huko anaweza kudai ukuta ubomolewe au alipwe hasara. Na mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume kwenda mahakamani. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 sheria ya familia ilipobadilishwa.

Jirani akiwa kampuni ya madini, njia ni tofauti. Sheria ya madini ya 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018, inaizuia kukalia udongo ulio karibu na nyumba au shamba bila kibali cha mwenyewe, na inadai fidia kabla ya watu kuhamishwa. Hapo kijiji kiandike kwa pamoja, kwani familia moja moja hushindwa kirahisi.

Kwa viongozi

Mkipokea kesi kama hizi, msiulize kwanza mtu anatoka wapi. Ulizeni udongo uko wapi, kisha nendeni muuone kwa macho. Msipokee chakula nyumbani kwa upande mmoja kabla ya kusikiliza wa pili. Watu wanahesabu sahani. Simamisheni kazi kwa maneno na kwa siku zinazojulikana, kwa mfano siku saba, wala msiruhusu vijana kwenda kubomoa. Anayebomoa kwa mikono yake anakuwa mkosaji hata kama haki ilikuwa yake.

Barua ya pingamizi iwe ya ukurasa mmoja: jina lako, mahali kiwanja kilipo, kazi iliyoanza na tarehe yake, hasara unayoogopa, na unachoomba. Fanya nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, kisha uirudishe nyumbani na kuiweka pamoja na karatasi za kiwanja.