Fundi wa Kiwira, Usipigwe na 1000X

Leo madini yanashushwa kwa mafundi simu, nyie mnaoshinda na pasi ya kulehemu kando ya lami ya Mbeya kwenda Kyela huku malori ya ndizi yakipakia kwa jirani. Mvua ya Kiwira haimbembelezi mtu. Ikipiga tu, simu zilizolowa zinamiminika mezani: hii imelala kwenye koti la bodaboda, ile imedumbukia kwenye ndoo. Ukifungua bodi, kutu ya kijani imeshavamia vidude vya milimita 0.6 kwa 0.3. Hapo jicho kavu halina chake, mwana. Unahitaji maikroskopu.

Sasa mtihani uko sokoni. Unakutana na kidude cha USB kimeandikwa 1000X, bei chee, unajiona umeokota. Kausha kwanza. Hiyo ni kamera moja yenye lenzi moja. Picha inafika kwenye kioo kwa kuchelewa kidogo, na haina kina: hujui kama ncha ya pasi imegusa pini au bado inaelea juu yake. Kwa kukagua bodi, freshi. Kwa kuchomea, utaua simu za watu.

Ngoma ya kazi ni stereo, ile ya kuchungulia kwa macho yote mawili, kila jicho na njia yake ya mwanga. Ubongo unaunganisha picha mbili, unaona bonde na mlima wa bodi. Wazo hili ni la kale kinoma: Mmarekani Horatio Greenough alilitoa miaka ya 1890, Carl Zeiss wa Jena, Ujerumani, wakaliunda, na mashine nyingi za bei ya kuanzia bado zinafuata mchoro wake.

Tafuta yenye vioo vya macho vya 10X na zoom ya 0.7 hadi 4.5. Inakupa mara 7 hadi 45, na chenji inabaki. Kuchomea kwingi kunafanyika chini ya mara 20. Huko juu ni kwa kukagua tu. Kinachostahili mkwanja wako zaidi ni nafasi kati ya lenzi na bodi. Kwa kawaida ni kama sentimita 10, na humo pasi, kibano, bloa na vidole vyako vyote vinagombania, huku moshi wa fluksi ukipanda moja kwa moja kwenye kioo. Funga chini ya lenzi mama lenzi ya nyongeza iitwayo Barlow, ya 0.5X: nafasi inakaribia kuwa mara mbili, ukuzaji unashuka hadi 3.5 mpaka 22.5, na eneo unaloliona linatanuka. Moshi nao unachafua Barlow ya bei poa badala ya lenzi mama.

Cheki kazi ya kubadilisha tundu la chaji la Type-C. Pini zimebanana, risasi ikizidi kidogo inarukia pini ya pili. Daraja la Mungu pale mto Kiwira watu wanapanda gari kwenda kulitazama. Daraja la risasi ni shoti, na mteja atakutafuta. Chini ya stereo unaliona likianza kujijenga, unapitisha waya wa kunyonyea risasi, kesi imeisha.

Stendi iwe na kitako kizito, maana ikitikisika kila mtu akigusa meza hulehemu kitu. Ukitaka kurekodi kazi zako mtandaoni, chukua yenye tundu la tatu la kamera, ila muulize muuzaji: kamera ikiwashwa, macho yote mawili yanaendelea kuona? Kuna aina inayolipokonya jicho moja mwanga, na kina chako kinakwenda nao. Taa ya duara ichukue umeme wa USB, ili TANESCO wakikata, pawabenki inashika zamu.

Adui mwingine ni kuvu. Tukuyu hapo jirani hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na lenzi iliyofunikwa ikiwa na unyevu inaota utando usiotoka kwa kufuta. Ifunike ikiwa kavu, na weka ndani vile vipakiti vya chembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Uwe soko la Mwanjelwa au Kariakoo, usilipe kabla ya kujaribu. Weka noti ya buku chini ya lenzi. Panua au bana macho ya mashine mpaka uone duara moja. Panda zoom mpaka mwisho, weka fokasi kwenye maandishi madogo, kisha shuka taratibu. Picha ikigawanyika mbili, au macho yakaanza kuvutana, hicho ni kimeo. Kwa siku nzima ya kazi kitakupasua kichwa. Muuzaji akigoma usijaribu, mwambie asante, panda gari urudi Kiwira na mkwanja wako mfukoni.