Walinzi wa Ubongo Wakati wa Malaria



Kila kituo kina walinzi wake, na ubongo wa binadamu nao una wake. Walinzi hao ni protini, na hapa kwetu adui anayewatia katika mtihani mkubwa ni malaria. Burundi imekwisha kuuonja ukali wake: mlipuko wa mwaka 2000 na 2001 ulipanda hadi milimani Kayanza, Ngozi na Karusi, na mwezi Machi 2017 serikali ililazimika kutangaza mlipuko mwingine.

Kidudu cha malaria huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu, kisha huzipasua. Hapo himoglobini humwagika, na ndani yake mna hemu, kitu chenye madini ya chuma. Hemu ikibaki huru, huichochea oksijeni kuzaa chembe kali ziunguzazo mishipa midogo ya ubongo, kama kutu ilavyo bunduki isiyopakwa mafuta.

Ndipo walinzi hushika zamu. Haptoglobini huikamata himoglobini iliyomwagika; hemopeksini huikamata hemu. Ndani ya seli, kimeng'enya kiitwacho hemu-oksijenesi huivunja hemu hiyo, na feritini hukiweka chuma ghalani. Mwaka 2007, wataalamu nchini Ureno walionyesha kwamba panya wa aina isiyopatwa kwa urahisi na malaria ya ubongo, walipokosa kimeng'enya hicho, wengi wao walipatwa nayo.

Lakini walinzi hawa wana kikomo. Himoglobini inapozidi kumwagika, haptoglobini hupungua katika damu hata ikakaribia kwisha. Hivyo basi, kila siku ya kuchelewa humwongezea adui nguvu na kuwapunguza walinzi.

Askari aliyekulia Mwaro, kisha akapangiwa kazi katika tambarare ya Imbo, asidhani kwamba ubavu wake utamwokoa. Homa ikimshika, na apimwe damu siku ile ile, anywe dawa na kumaliza dozi. Mwenzake akiona mgonjwa anaweweseka, anapata degedege au haamki, ampeleke hospitali bila kungoja mapambazuko. Na chandarua kitumike kila usiku, kambini na nyumbani.

Kuificha homa ili mtu aonekane shujaa si ushujaa. Ni kuliacha lango wazi wakati walinzi wa ndani wanaishiwa risasi.