Kabla ya Wati, Soma Desibeli

Spika ya nyumbani hutoa joto zaidi kuliko sauti. Ukiipelekea umeme wa wati 100, zaidi ya wati 99 huishia kupasha moto koili yake, ule waya mwembamba uliozungushwa nyuma ya koni. Kinachotoka kuwa muziki hakifiki wati 1. Kwa hiyo anayeingia dukani akiuliza amplifaya ina wati ngapi ameanza na swali la pili. La kwanza linaihusu spika: inaugeuza umeme huo kuwa sauti kwa kiasi gani?

Jibu huandikwa nyuma ya spika au kwenye karatasi yake, kwa mfano: 87 dB, 1 W, 1 m. Yaani ukiipa wati 1 na kuipima kwa umbali wa mita 1, inatoa desibeli (dB) 87, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Spika nyingi za nyumbani huwa kati ya desibeli 84 na 90, na pengo hilo si dogo kama linavyoonekana. Kila desibeli 3 unazoongeza zinadai wati maradufu. Desibeli 10 zinadai wati mara 10, na sikio huzipokea kama sauti iliyokua mara mbili tu. Ndiyo maana spika ya desibeli 90 ikiwa na amplifaya ya wati 25 inakwenda sambamba na ya desibeli 84 yenye amplifaya ya wati 100. Naye aliyeuza amplifaya ya wati 60 akanunua ya wati 100 amepata desibeli 2 na kidogo.

Wati hazikuwa nyingi hivi tangu mwanzo. Mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walipoeleza spika ya koili tunayoitumia hadi leo, amplifaya za valvu zilikuwa dhaifu mno. Majumba ya sinema yalifidia kwa spika zenye midomo mipana ya tarumbeta, zilizojaza ukumbi kwa wati chache. Mwaka 1954, huko Marekani, Edgar Villchur akatoa AR-1: sanduku dogo lililozibwa kabisa, hewa iliyomo ikifanya kazi ya springi. Besi yake ilikuwa nzito kuliko umbo lake, ila ilihitaji wati nyingi. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH, ndiye aliyeacha kanuni inayowabana wabunifu mpaka sasa: sanduku dogo, besi ya chini, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, chagua viwili, cha tatu usahau. Wanunuzi walichagua viwili vya mwanzo, mzigo ukaiangukia amplifaya.

Basi sebule inahitaji wati ngapi? Chukua spika mbili za desibeli 87, nawe uko mita 3 mbele yake. Kila moja ikipata wati 1, utasikia takriban desibeli 80, wakati mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Hiyo tayari ni sauti ya kusikika kwa jirani. Lakini muziki haukai mahali pamoja. Pigo la ngoma au mlio wa tarumbeta unaweza kupanda desibeli 10 hadi 20 juu ya wastani, na desibeli 20 ni wati mara 100. Hivyo amplifaya inayotoa wati 1 muda mwingi inaweza kutakiwa kutoa wati 100 kwa kufumba na kufumbua.

Isipoweza, vilele vya wimbi hukatwa na sauti huanza kukwaruza. Mwenye nyumba akizidi kuongeza volyumu, besi iliyokwisha kugota juu haipandi tena, ila sauti nyembamba zinaendelea kupanda, na zote zinakwenda kwenye twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo koili yake huvumilia wati chache tu. Wimbi lililokatwa hadi kuwa la mraba hubeba nguvu mara mbili ya wimbi laini la kimo kilekile, kwa hiyo amplifaya ya wati 50 iliyosukumwa kupita uwezo wake inaweza kusukuma karibu wati 100. Twita huungua kwa njia hiyo, mwenyewe akiamini amplifaya yake ni ndogo mno kudhuru kitu.

Angalia pia omu, kipimo cha ukinzani wa spika. Spika ya omu 4 huvuta mkondo mara mbili ya ile ya omu 8 kwa volti zilezile, na jozi mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4. Amplifaya isiyoandikiwa omu 4 itachemka au itajizima.

Hesabu zote hizi zinadai wati za kweli. Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilibidi itoe kanuni mwaka 1974 kuwataka watengenezaji wataje nguvu inayotolewa mfululizo, pamoja na kiwango cha uharibifu wa sauti. Kwenye maboksi ya sabufa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, bado utakuta maelfu ya wati za PMPO, kipimo kisicho na kanuni inayokubalika popote. Tafuta neno RMS, linaloashiria nguvu ya mfululizo. Lisipokuwapo, wati za umeme unaoingia, zilizoandikwa nyuma ya chombo chenyewe, zitakuambia zaidi, maana wati zinazotoka haziwezi kwa muda mrefu kuzidi zinazoingia.

Ukishajua desibeli, omu na ukubwa wa chumba, amplifaya yenye RMS inayolingana na uwezo wa spika, au kuuzidi kidogo, inatosha. Fedha ikibaki, iweke kwenye spika. Kutoka desibeli 87 hadi 90 ni sawa na kuongezewa amplifaya ya pili ya ukubwa uleule, na bili ya umeme haibadiliki.