Katapila Bovu na Fedha za Jasho

Juma lililopita walitufikia ofisini ndugu saba wa Magomeni: makanika wawili, mchomeleaji mmoja, mzee aliyestaafu udereva wa buldoza, na watatu wanaochuuza sokoni Kariakoo. Wamechangishana fedha kwa miezi mingi. Wataka kununua katapila la kale, Caterpillar aina ya D7, lililolala uani mwa mtu miaka mingi. Injini haigeuki, minyororo imezama mchangani, na mwarobaini umeota palipokuwa kiti. Mwenye mali analiuza kwa bei ya vyuma chakavu. Nia yao ni kulifufua, kisha walikodishe kwa wenye mashamba ya Kisarawe na Bagamoyo. Waliomba tuwaandikie maneno ya kuwasifu ili majirani nao watoe michango.

Tuliwapa chai, tukawaomba watuvumilie kidogo. Fedha hizo ni za jasho, na katika nchi hii makatapila mabovu yamewahi kununuliwa, tena kwa wingi, na hesabu yake inajulikana.

Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Tanganyika, ili Waingereza wapate mafuta ya kula waliyopungukiwa baada ya vita. Bwana John Wakefield akatumwa kuitazama nchi, na shauri likakubaliwa: ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Lakini matrekta mapya hayakupatikana, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa ikiyagombea. Basi wakubwa wale wakanunua mabaki ya majeshi, mengine kutoka Ufilipino, ambako yalikuwa yametumika vitani. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa na kampuni ya Vickers-Armstrong kuwa matrekta, yakaitwa Shervick.

Vyombo hivyo vilishushwa katika bandari yetu hii ya Dar es Salaam na makuli ambao mshahara wao ulikuwa haba mno hata wakagoma Septemba mwaka uo huo, na moto wa mgomo ukafuata njia ya reli hadi bara, Kongwa nako wakagoma. Hilo twalitaja kwa kupita tu, maana wasomaji wetu ni wafanyakazi na yafaa walijue.

Yaliyowapata makatapila yenyewe ndiyo tuliyotaka ndugu zetu wayasikie. Kabla ya mwaka 1947 kwisha, theluthi mbili yalikuwa yamesimama. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji, na mchanga wake hula chuma kama msasa. Vipuri vilikosekana. Mwaka wa kwanza walikusudia kulima ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Januari 1951 mpango ule ukaachwa, na paundi zaidi ya milioni 36 zikafutwa vitabuni. Serikali ya Kiingereza iliweza kuzifuta. Ndugu saba wa Magomeni hawana kitabu cha kufutia.

Je, tuliwaambia waache? La hasha. Tuliwauliza wamelitazamaje. Wakajibu kwamba rangi ya manjano bado iko, na bledi haijapinda. Hapo yule mzee wa buldoza, aliyekuwa kimya, akacheka, akaanza kusema, nasi tukachukua kalamu.

Injini, alisema, ndiyo inayowatia watu hofu, kumbe hasara kubwa iko chini. Minyororo na magurudumu yake hula karibu nusu ya gharama za matengenezo ya katapila katika maisha yake yote. Tazameni meno ya gurudumu la nyuma: yakiwa yamechongoka kama meno ya papa, chuma kimekwisha. Tazameni pini na bushi zinazoshika viungo vya mnyororo. Zikiwa zimelika upande mmoja tu, huweza kutolewa na kugeuzwa nusu mzunguko, upande mzima ukafanya kazi. Lakini zikiwa zimekwisha kugeuzwa na kulika tena, hesabuni mnyororo mpya, na bei yake huenda ikaipita bei ya katapila lote.

Kisha fungueni kizibo cha chini ya injini polepole. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hutangulia kutoka. Yakitoka kidogo, ni jasho la miaka. Yakitoka ndoo, ulizeni yalipopitia. Msijaribu kuwasha. Mimineni oili nyepesi katika silinda zote 4, ikae siku kadhaa, ndipo mjaribu kuizungusha kwa mtaimbo taratibu. D7 ya zamani huwashwa na injini ndogo ya petroli yenye silinda 2 iliyo ubavuni. Nayo mwione kama ipo, maana hiyo ndogo ndiyo huibwa kwanza. Klachi za kukatia kona nazo hushikwa na kutu chombo kikilala muda mrefu, na hewa yetu ya pwani ina chumvi.

Tuliongeza neno moja letu, kwa kuwa ufundi hatuna. Mashine hiyo ina uzito wa zaidi ya tani 10, wala haitembei. Je, wamehesabu trela ya kuibeba? Wamepata uwanja? Magomeni nyumba zimebanana. Mahali pa kuegesha pikipiki ni ugomvi, sembuse katapila. Na je, mmoja wao akifa, au akichoka, fungu lake analirithi nani? Walitazamana. Hawakuwa na karatasi hata moja. Tuliwashauri waandikishe ushirika kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, na watenge fedha mafungu mawili, la kununulia na la kutengenezea, na la pili liwe kubwa.

Twakiri kwamba moyo wetu ulikuwa upande wao. Nchi inayotupa kila chombo kilichosimama haitapata mafundi, itapata wauza vyuma. Nao hawakuomba mkopo wala hisani.

Jumamosi tulikwenda nao. Meno ya nyuma yamelika, ila hayajachongoka. Pini hazijawahi kugeuzwa. Injini ndogo haipo. Maji yalitoka kikombe kimoja. Mzee alimimina oili kwa mkono wake, akaamuru asiguse mtu hadi Jumatano, akamwendea mwenye mali kumwambia kwamba bei lazima ipungue kwa ajili ya ile injini iliyoibwa. Mwenye mali amesema atafikiri.